Basi la shule la Kimarekani na yale yanayoliiga: shule yako inunue lipi?

Kamati ya shule ikikaa kujadili ununuzi wa basi, mara nyingi kinachotangulia ni rangi. Liwe la njano. Kenya hilo halina mjadala tena, kwani marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2017 yalitaka magari ya shule yawe ya njano, na Tanzania nako njano imekuwa alama ya gari la wanafunzi. Baada ya rangi hufuata umbo. Wapo wanaovutiwa na lile lenye pua ndefu kama ya lori, walilozoea kuliona kwenye filamu, ambalo siku hizi viwanda vya China navyo vinaliunda. Wapo wanaosema pua haina kazi, Isuzu iliyojengewa bodi Nairobi inatosha.

Nawaandikia wazazi na walimu wanaokaa kwenye vikao hivyo, kwa sababu naamini tunatanguliza mambo ya mwisho. Rangi ni kazi ndogo ya fundi. Kilicholipatia basi la Marekani sifa yake kiko ndani ya bati, kwenye viungo vya bodi, siti na milango ya kutokea. Kingine kiko nje ya basi kabisa, kwenye sheria inayomlazimisha dereva wa gari jingine kusimama. Nchi zilizoiga zimechukua kila moja kipande chake. Ukijua nani amechukua nini na nani ameacha nini, utajua pia cha kudai kabla hujatoa hela ya shule.

Lenyewe, kutoka Marekani

Njano yenyewe ilianza Aprili 1939, pale profesa Frank Cyr alipowakutanisha New York, katika Chuo cha Ualimu cha Columbia, wakuu wa usafiri wa wanafunzi kutoka majimbo yote 48 ya wakati huo. Walikaa siku saba, wakatoka na viwango 44: urefu wa basi, kimo cha dari, upana wa njia ya katikati, na rangi. Kabla ya hapo kila wilaya ilikuwa na lake, malori na hata mikokoteni ya farasi. Njano ilichaguliwa kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vizuri alfajiri, kabla mwanga haujakolea, saa ambazo watoto wako kituoni.

Lakini bodi inayomlinda mtoto haikutoka kwenye mkutano ule. Ilikuja tarehe 1 Aprili 1977, serikali kuu ilipoanza kutekeleza kanuni ambazo kila mnunuzi wa basi la shule, popote alipo, angefaa kuzijua. Kanuni namba 220 inahusu paa: likikandamizwa kwa nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa basi tupu, lisibonyee zaidi ya milimita 130, na milango ya dharura iendelee kufunguka. Namba 221 inahusu viungo: pale bati linapokutana na bati, kiungo kiwe na angalau asilimia 60 ya uimara wa bati lenyewe, ili bodi isifumuke kwenye ajali na kingo zake kuwa visu. Namba 222 inahusu siti: migongo mirefu, sponji nene mbele na nyuma, na nafasi finyu kati ya siti na siti, ili basi likigonga kwa mbele mtoto ashikwe na siti iliyo mbele yake kama yai kwenye trei.

Hata ile mistari myeusi ubavuni ina kazi. Ni reli za chuma zinazoimarisha ubavu, na kwa mpangilio wa kawaida huonyesha sakafu ilipo na siti zilipo, hivyo waokoaji wanajua pa kukata na pa kutokata.

Matokeo yake yanajulikana. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, husema mwanafunzi anayepanda basi la shule ana nafasi mara 70 zaidi ya kufika salama kuliko anayepelekwa kwa gari dogo. Sehemu ya sifa hiyo ni ya bodi. Sehemu nyingine, na kwangu ni kubwa, ni ya sheria: taa nyekundu zikimulika na kibao cha STOP kikitokeza ubavuni, magari yanayofuata nyuma na yale yanayokuja mbele yanasimama, katika majimbo yote 50. Tofauti ya majimbo ni ndogo tu, hasa kwenye barabara zenye ukingo katikati.

Basi hili lina udhaifu wake pia. Sheria ya serikali kuu hailazimishi mikanda kwenye mabasi makubwa, yale yanayozidi kilo 4,536. Inategemea siti zile zilizobanana. Siti hizo zinafanya kazi vizuri kwenye mgongano wa mbele au wa nyuma. Basi likipigwa ubavuni au likibiringika, hazimshiki mtu. Ndiyo maana majimbo kama California, Texas na New York yameamua kudai mikanda kwa sheria zao wenyewe. Kwetu, ambako basi kuacha njia na kuporomoka korongoni ni jambo tunalolijua, nisingenunua basi lisilo na mikanda hata kama limetoka Marekani na nyaraka zake zote.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayefikiria basi la mtumba la Kimarekani akisome. Tarehe 14 Mei 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, kanisa moja lilikuwa likiwarudisha vijana kutoka matembezini kwa basi lililowahi kuwa la shule. Dereva mlevi aliyekuwa akienda kinyume barabarani aliligonga uso kwa uso. Mgongano haukuua waliokuwa ndani. Tangi la mafuta, ambalo halikuwa na kinga ya chuma, lilitoboka, moto ukawaka mbele mlangoni, watu wakasongamana kwenye njia nyembamba kuelekea mlango mmoja wa nyuma, na 27 wakafa. Basi lile lilikuwa limeagizwa na kuundwa kabla tu ya viwango vya Aprili 1977 kuanza kutumika. Kwa nje lilifanana kabisa na lililoundwa mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo unapoangalia basi la mtumba, tafuta kwanza kibati cha kiwandani kinachoonyesha tarehe ya kuundwa, ndipo uangalie injini.

Sasa, linatufaa? Kwa Kenya, Tanzania na Uganda jibu langu ni hapana. Usukani wake uko kushoto na mlango wake uko kulia. Kwenye barabara zetu mlango huo unamshusha mtoto katikati ya barabara, mbele ya bodaboda. Kenya tayari hairuhusu kuingiza gari la kawaida lenye usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane. Kubadilisha usukani kunawezekana, lakini kuhamisha mlango ni kukata ule ubavu ulioulipia, na ukishaukata viwango vyote nilivyovitaja hapo juu vimekwisha.

Kwa msomaji aliyeko Goma, Bukavu, Bujumbura au Kigali hali ni tofauti, kwa kuwa huko magari hupita kulia na mlango unaangukia pembeni panapotakiwa. Bado angalia mambo mawili. La kwanza ni injini: za dizeli za Marekani tangu mwaka 2007 zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na tangu 2010 nyingi zinahitaji pia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Zimetengenezewa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikianza mwaka 2015 ni 50. Basi la miaka hiyo litakusumbua. La pili ni urefu: basi kubwa la watengenezaji wa kule, Blue Bird, Thomas au IC, lina takriban mita 12, na mkia wake mrefu nyuma ya tairi hukwaruza kwenye matuta na kwenye madaraja ya mitaro.

Guatemala wameyazoea mabasi haya. Yakistaafu Marekani hupigwa mnada, huteremka kusini, huko hufupishwa ili yakate kona za milimani, hufungwa keria juu na kupakwa rangi zinazowaka, yakawa mabasi ya abiria. Lakini pamoja na mabasi imekua biashara nzima ya vipuri na mafundi waliolelewa na injini hizo. Kabla hujaagiza moja la shule yako ya Bukavu, muulize fundi wako wa karibu pampu yake ya sindano ataipata wapi.

Pua ndefu ya China

Walioiga kwa ukamilifu zaidi ni Wachina, na walifika huko kwa msiba. Tarehe 16 Novemba 2011, katika wilaya ya Zhengning mkoani Gansu, gari dogo la siti tisa lililobeba watu 64, karibu wote watoto wa chekechea, liligongana na lori. Walikufa 21. Siku chache baadaye serikali hiyo hiyo ilikabidhi msaada wa mabasi 23 mapya ya shule kwa Makedonia, na hasira ya wananchi ilikuwa kubwa. Aprili 2012 yakatoka masharti ya kitaifa ya usalama wa mabasi ya shule, na mwaka huo huo kiwango cha lazima cha kuyaunda, GB 24407-2012.

Kampuni ya Yutong na wenzake wakaunda basi ambalo ukiliona kwa mbali utadhani uko Ohio: pua ndefu, njano, kibao cha STOP. Ndani kuna nyongeza ambazo basi la Marekani halina kwa lazima. Kuna siti maalumu ya mlezi wa watoto, kuna mikanda, kuna kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Mwendo hauzidi kilomita 60 kwa saa kwenye barabara za kawaida na 80 kwenye barabara kuu za kasi.

Sheria ya kusimama waliichukua nusu. Barabara yenye njia moja kila upande, walio nyuma ya basi hawaruhusiwi kulipita. Ikiwa na njia mbili au zaidi, wanasimama walio kwenye njia ya basi na njia inayopakana nayo, wengine wanapunguza mwendo. Anayekuja kwa mbele halazimiki kusimama. Mtoto anayevuka kwenda upande wa pili hana kinga ile aliyonayo mwenzake wa Marekani, ijapokuwa basi ni lile lile kwa macho.

Kwa mnunuzi wa huku, Yutong si jina geni. Mabasi yake ya mikoani yamepita kila barabara ya Tanzania na mafundi wanayafahamu. Tahadhari yangu ni kwamba basi la shule la pua ndefu si basi la mkoani. Chasi ni nyingine, na mara nyingi injini ni nyingine. Wakala akikuambia vipuri vipo tele, mwambie akuonyeshe vya modeli hiyo, kwa namba. Pia usidhani kila lenye pua limeundwa kwa GB 24407. Kiwango hicho ni lazima kwa mabasi yanayouzwa China kwenyewe. Linalouzwa nje linaweza kuwa jepesi zaidi, siti nyingi zaidi, bila mikanda. Dai kiwango kiandikwe kwenye mkataba kwa namba na mwaka wake. Muuzaji akisitasita, hapo umepata jibu.

Likiwa kweli limeundwa kwa kiwango hicho, na usukani kulia na mlango kushoto, mimi ninalipatia nafasi ya kwanza kati ya mapya yanayotoka nje. Pua yenyewe ina faida. Injini iko mbele ya kioo, si ndani pamoja na watoto, hivyo joto na kelele hupungua, na fundi anafungua boneti bila kuwashusha abiria. Ina hasara pia: mtoto mfupi akipita karibu na bampa, dereva hamwoni. Wamarekani waliliona hilo, wakafunga vioo vya ziada vya mbonyeo juu ya madigadi ya mbele, na kwenye mabasi mengi fimbo inayofunguka kutoka kwenye bampa ili kumlazimisha mtoto avukie mbali kidogo, mahali anapoonekana. Ukinunua lenye pua, vioo hivyo si vya hiari.

India: njano yenye nondo

Novemba 1997 basi la wanafunzi lilitumbukia mto Yamuna kutoka daraja la Wazirabad, Delhi, na watoto zaidi ya 25 wakafa. Ndani ya wiki chache Mahakama ya Juu ilitoa maagizo, na yakafuatwa na miongozo iliyoenea nchi nzima: rangi ya njano, maneno ya basi la shule mbele na nyuma, sanduku la huduma ya kwanza, kizimamoto, mhudumu ndani ya basi, dereva mwenye uzoefu wa magari makubwa usiopungua miaka mitano, na spidi gavana. Ukisoma orodha hiyo utaona inamtazama zaidi mtu kuliko bati. Imesisitiza nani anaendesha na kwa mwendo gani. Naipenda kwa hilo. Shule nyingi zetu zinaangalia basi kwa makini kisha zinamkabidhi dereva aliyepatikana jana.

Jambo nisilolipenda ni nondo za mlalo madirishani, ambazo nazo zimo kwenye maagizo. Sababu yake inaeleweka: watoto hutoa vichwa na mikono nje. Ila basi likilalia ubavu wa mlango, dirisha ndiyo njia ya kutokea, na dirisha lenye nondo ni ukuta. Mmarekani alilitatua jambo hilo kwa dirisha la vipande viwili linaloshuka nusu ya juu tu, pamoja na madirisha kadhaa ya dharura yanayofunguka yote kwa komeo, na vifuniko vya kutokea kwenye paa.

Kwa Tata na Ashok Leyland tuna bahati moja kubwa: India inapita kushoto kama sisi. Usukani na mlango viko mahali pake tangu kiwandani, na hakuna kukata chochote. Ukiletewa lenye nondo, dai zitolewe na dirisha lizuiwe nusu ya chini. Ni gharama ndogo.

Ghuba na Uingereza, kwa kifupi

Ndugu zetu walioko Falme za Kiarabu wameona muungano wa India na Marekani. Mabasi mengi ni ya Ashok Leyland, ambayo ina kiwanda Ras Al Khaimah, lakini sheria imechukuliwa Marekani. Kibao kikitokeza unasimama, umbali usiopungua mita tano, na asiyesimama anatozwa dirham 1,000 na pointi 10 kwenye leseni. Kwangu huko ndiko kuiga kwenye maana, kwa sababu walianza na kitu kinachouma mfukoni.

Uingereza ilijaribu njano miaka ya 2000, mengine yakiwa ni mabasi ya BMC kutoka Uturuki, na mwaka 2008 tume iliyoongozwa na David Blunkett, waziri wa zamani wa elimu, ikapendekeza yaenezwe. Hayakuwa ya nchi nzima, na magari mengine hayakulazimishwa kusimama. Njano ilibaki rangi.

Yetu: Isuzu yenye bodi ya hapa, Costa, Rosa na Haisi

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na hapa ndipo pa kutulia.

Kenya, basi la kawaida la shule ni chasi ya lori la Isuzu, NQR kwa dogo na za daraja la F kwa kubwa, iliyojengewa bodi na mafundi wa nchini. Uzuri wake unajulikana: vipuri viko hadi mji mdogo, chasi ni ya kubeba mizigo mizito, na ukigongwa ubavu bodi inatengenezwa pale pale ilipojengwa. Kuna kiwango cha kitaifa cha bodi za abiria, KS 372, na mjenzi anatakiwa kukifuata. Ila tofauti kati ya mjenzi na mjenzi ni kubwa, na haionekani rangi ikishapakwa. Ndiyo maana nasema nenda karakana bodi ikiwa bado mifupa.

Ukifika, angalia nguzo za bodi. Zile nzuri ni pete kamili: bomba linaanza sakafuni, linapanda ubavu, linavuka paa na kushuka upande wa pili bila kukatwa na kuungwa pale paa linapokutana na ubavu. Kiungo cha pembe ya paa ndicho kinachokunjika basi likibiringika. Kisha angalia siti zimefungwa wapi. Sakafu nyingi ni mbao za plaiwudi, na siti iliyofungwa kwenye plaiwudi peke yake inang'oka na watoto wote waliokaa juu yake, hata wakiwa wamefunga mikanda. Boliti zishike chuma cha chini. Mkanda nao ni hivyo hivyo.

Chasi hizi za lori hazina pua, kwa hiyo injini iko ndani, kando ya dereva, chini ya kifuniko. Kwenye matatu abiria hukaa pale. Kwenye basi la shule pasikae mtoto hata mmoja: ni pa moto, hakuna mgongo, hakuna mkanda, na mbele ni kioo tupu.

Costa na Rosa za mtumba kutoka Japan zinatamba Tanzania. Ni gari zuri kwa shule ndogo. Zinakata kona za mitaani, hazina makuu, na kila fundi anazijua. Tatizo lake ni siti za kukunja za katikati. Zikishafunguliwa, njia ya kutokea imekufa. Basi lililojaa hivyo likishika moto au likiangukia mlango, mtoto wa siti ya nyuma hana pa kupita. Ushauri wangu kwa Costa ni mfupi: siti za katikati zing'olewe kabisa, si kukunjwa, na hesabu ya watoto ianzie hapo. Bei kwa kila mtoto itapanda. Na ipande. Angalia pia usiletewe toleo la chekechea la Japan, lenye visiti vifupi vilivyopimiwa watoto wadogo na visivyo na mikanda. Mwanafunzi wa darasa la sita hawezi kukaa humo.

Mei 2017, Karatu, basi dogo la wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa kujipima liliacha njia na kutumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima lililia. Kila ninapoona watoto wamebanwa watatu kwenye siti ya wawili, na wengine wamesimama, nakumbuka kwamba tulilia, kisha tukarudi kuhesabu vichwa.

Haisi na Noah sitazilinganisha na chochote. Ni magari ya familia au ya daladala. Kama shule haina uwezo wa zaidi ya hayo, basi kila mtoto siti yake na mkanda wake, hata kama ni kurudia safari mara mbili.

Kwa hiyo, lipi?

Shule ya mjini au ya bweni Kenya, yenye wanafunzi wengi na barabara ya lami: Isuzu yenye bodi ya mjenzi anayekuruhusu kuingia karakana, uliyoiandikia masharti yako. Sababu ni vipuri na kwamba unaweza kuona mifupa kwa macho yako. Shule yenye fedha za basi jipya kutoka nje: la China lenye GB 24407 kwa maandishi, au la India bila nondo. Likiwa la India na la China bei moja, ningeangalia karakana ya wakala iliyo karibu zaidi na shule, kwani basi lililolala wiki tatu likisubiri kipuri linawarudisha watoto kwenye Haisi. Shule ndogo ya mitaani: Costa au Rosa iliyong'olewa siti za katikati. La Kimarekani la mtumba: Rwanda, Burundi na Congo tu, lililoundwa baada ya Aprili 1977 bila shaka yoyote, na kabla ya 2007 kama dizeli yako haiaminiki. Lakini la kabla ya 2007 limeshazeeka, kwa hiyo mwenye kuchagua hilo ajue anaokoa bei ya leo na kuongeza gharama ya fundi.

Masharti ya kumpa mjenzi au muuzaji yeyote, nakopa moja kwa moja kutoka Marekani. Mlango wa dharura nyuma, unaofunguka kwa ndani bila ufunguo na kulia kengele ukifunguliwa. Kifuniko cha kutokea kwenye paa. Siti zenye migongo mirefu yenye sponji hadi juu, bila vyuma vya kushikilia vilivyo wazi, maana vyuma hivyo ndivyo vinavyovunja meno. Ngome ya chuma kuzunguka tangi la mafuta. Mikanda nakopa kutoka California na China.

Kibao cha STOP kinanipa mashaka. Marekani kinafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna sheria, faini na mazoea ya miaka mingi. Kwetu dereva wa daladala hajazoea kusimama kwa sababu ya kibao, na bodaboda atapita hata upande wa mlango. Mtoto akifundishwa kwamba kibao kikifunguka ni salama kuvuka, tumemdanganya. Kifungwe, ni sawa, kitasaidia kuonekana. Lakini ratiba ya basi ipangwe kana kwamba hakipo: kila mtoto apandie na kushukia upande wa nyumbani kwao, hata ikibidi basi lizunguke na kurudi na barabara ile ile. Pale isipowezekana, matroni ashuke kwanza, amvushe kwa mkono, na dereva asiondoke hadi arudi ndani.

Bado kuna jambo la mtoto kusahaulika ndani ya basi. Limetokea Ghuba, limetokea Japan, ambako kifo cha mtoto wa miaka mitatu huko Makinohara, Septemba 2022, kilifanya kengele ya ukaguzi iwe lazima kuanzia Aprili 2023. Mabasi mengi ya Marekani yana kitufe nyuma kabisa: dereva akizima injini kengele inaanza kulia, na haizimiki mpaka atembee hadi siti ya mwisho akibonyeze. Fundi umeme wa kawaida anaweza kufunga kitu hicho kwenye Isuzu, Costa au Haisi kwa siku moja, na kwa bei isiyofika ya tairi.

Malipo ya mwisho yasitolewe kwa kuangalia rangi. Waleteni watoto wa darasa la kwanza siku ya kukabidhiwa, wakae kila mmoja kwenye siti yake na mkanda wake, kisha mwambie mmoja wao, si mkubwa, afungue mlango wa nyuma kwa mikono yake. Asipoweza kuufungua, au kiti kikicheza, basi lirudi karakana na hela ibaki benki.